Mvuvi wa Jumapili

Pale Coco Beach, Dar es Salaam, kuna wavuvi wa aina mbili. Yupo wa mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, asiye na maneno mengi. Na yupo bwana wa Jumapili: fimbo ndefu ya kuvulia, miwani ya giza, sanduku la ndoana lenye vyumba vingi kuliko nyumba yangu. Huyu ndiye nimpendaye, maana bahari humpa vitu ambavyo soko la Feri halina.

Anarusha mshipi nyuma ya mawimbi. Fimbo yapinda! Watu wanakusanyika, simu juu. Unatoka mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Majini, yaelekea, tangazo halijafika. Inafuata ndala, ya kushoto. Kisha anakuja bunju, anayejivimbisha tumbo mtu akimgusa, kama mheshimiwa aliyekosa kiti cha mbele. Ini lake lina sumu ya kuua mtu mzima, lakini bwana ameshaulizia ndimu.

"Bosi," anasema yule wa chupa, "huyo mpige picha tu, usimpike."

Jioni wa chupa anaondoka na changu wake. Bwana anapitia Feri, ananunua tasi wanene, anafika kwake akisimulia walivyomtoa jasho. Mkewe anauliza swali moja tu: huko baharini nani aliwapara magamba?

Ndugu zangu wenye fimbo, mkinunua, chukueni na magamba yake.