Nimeandikiwa Kula

Watu wakienda hospitali huandikiwa vidonge. Mimi nimeandikiwa kula. Tena si kula kule ninakokujua, kwa kulegeza mkanda. Ni kula kwa saa, kama mtoto wa chekechea.

Nilikuwa nimejiandaa vingine kabisa. Kabla ya kwenda kwa yule mtaalamu wa lishe nilishaagana na chapati, nikaagana na chipsi mayai, na ugali nikauaga kwa heshima zake zote. Nilitaka kukatazwa. Mtu aliyekatazwa ana cheo chake, bwana: anakaa shereheni, anasukuma sahani kando, anasema kwa unyonge, "Daktari kanikataza," na meza nzima inamsikitikia.

Yule binti, ambaye ningeweza kumzaa, aliniamkia vizuri akaniacha nijieleze. Nikamweleza ninavyoshinda kutwa kwa chai ya rangi tu, ninavyopita kwenye vitumbua na sambusa bila kugeuza shingo, mpaka nifike nyumbani saa tatu usiku. Msimamo wangu huo hakuuandika popote. Akauliza, "Na ukifika nyumbani, mzee wangu, unakula nini?" Nikajibu, ugali. Kiasi gani? Nikamwonyesha kwa mikono. Akaniomba nirudie, maana mkono mmoja ulitoka nje ya meza.

Ndipo akaandika. Saa moja asubuhi, chai na kitafunio. Saa nne, tunda au karanga. Saa saba, chakula. Saa kumi, tena kitu kidogo. Usiku chakula, cha kiasi. Zisipite saa nne hujatia kitu mdomoni. Na ikitokea usiku umezidisha, kesho yake unakunywa chai yako na kitafunio vilevile. Hakuna kufidia kwa kushinda njaa.

"Na nisile nini?" nikauliza, kalamu mkononi.

"We kula tu, mzee."

Nauli yangu imekwenda kwa maneno ambayo bibi yangu aliyasema bure. Nikaenda kusoma, nipate la kumrudia nalo, nikakuta jambo lina wenyewe. Christopher Fairburn wa Chuo Kikuu cha Oxford alitoa kitabu mwaka 1995 kwa ajili ya watu ambao ulaji umewashinda, na miongoni mwa hatua zake za mwanzo ni hiyohiyo: milo mitatu na vitafunio katikati, kwa saa zinazojulikana. Mambo ya kupunguza baadaye. Na kabla yake, kule Minnesota, Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 waliojitolea, akawalisha kiduchu kwa miezi sita. Wakawa hawana mazungumzo ila chakula, wakilala wanaota chakula, na wengine wakakusanya vitabu vya mapishi ilhali hata jiko hawana. Walipofunguliwa, wapo waliokula na kula wasiione shibe. Kinachoniuma ni kwamba jaribio lao limeingia vitabuni. Mimi hilohilo nimelifanya Kariakoo miaka nenda rudi, mchana nafungwa, usiku nafunguliwa, na hakuna chuo kilichonipa hata hela ya daladala.

Halafu kuna hii habari ya njaa yenyewe. Ina homoni yake, ghrelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, nayo hupanda kadiri saa uliyoizoesha kula inavyokaribia. Sasa hebu fikiria adha yake. Kikao cha saa tano kinaanza saa sita na robo, mwenyekiti yuko kwenye foleni, fundi wa kiyoyozi "yuko njiani" tangu Jumatatu, lakini njaa yangu ya saa saba inaingia saa saba kamili. Dar es Salaam yote hii, anayefika kwa wakati ni ghrelini peke yake. Juzi nilimenya ndizi katikati ya taarifa ya mapato na matumizi. Mhasibu akanyamaza mpaka nilipomaliza, wala si kwa adabu. Alikuwa anaiangalia ile ndizi.

Mama ntilie wetu ndiye aliyenivunja moyo hasa. Nilimwomba wali nusu sahani, maharage, na mchicha uwe mwingi. Upawa ukasimama juu ya sufuria. Akanitazama mimi, akaitazama sahani, akainama asisikike na wale wa kwenye benchi: "Baba, kama mambo magumu useme tu. Utalipa mwisho wa mwezi." Nikamwambia hela ninayo, ni tumbo nalipangia. Akasema sawa, nimekuelewa, akashindilia wali mpaka ukingoni, akaweka na pande la nyama ambalo sikuliagiza, kisha akakataa kulitoza. Sasa mtu unapangaje mlo katika nchi ambayo ukipunguza wali unachangiwa?

Na ubaya ni kwamba yule binti hakukosea. Zamani nilikuwa nakula nimesimama jikoni, begi begani, tonge la kwanza likishuka kabla sijaitikia shikamoo za watoto. Siku hizi nafika nikiwa na karanga za saa kumi tumboni, navua viatu, nakaa, namsikiliza mtu mpaka mwisho wa sentensi. Ugali unabaki. Ulipobaki mara ya kwanza, mama watoto alinishika paji la uso kuona kama nina homa, halafu akapiga simu kwa dada yake, akaongea kwa sauti ya chini.

Basi mambo yakawa yananyooka, ikaja kadi ya harusi. Kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni. Maharusi wakaingia saa mbili na nusu. Ikafuata keki, zikafuata zawadi, akaitwa mjomba wa kwanza, wa pili, na wa tatu ambaye si mjomba. Chakula kikafunguliwa saa tano usiku, kwa meza moja moja, na meza yetu ilikuwa karibu na mlango wa vyoo. Mtu angetaka kuanzisha chuo cha kuwafunza watu kula kwa pupa, asingepata jengo zuri kuliko ukumbi wa harusi.

Mimi nilikuwa nimekula nyumbani saa moja, kwa ratiba. Mama watoto alinitazama nikitafuna, mikono kiunoni, hereni moja bado haijaingia sikioni. "Unashibia nyumbani, na mchango tumetoa wa dabo?"

Nikasema kimya kimya nitaonja tu. Tulipofika mezani nikanyoosha sahani, nikaomba pilau vijiko viwili. Yule kijana wa kugawa akauliza, "Mzee, una sukari?" Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu akajibu kwa niaba yangu, "Hana sukari. Mwekee kama wenzake, huyu anakula kwa awamu." Tulipokaa, akafungua pochi chini ya meza, akatoa mfuko aliokuja nao toka nyumbani, na nyama yangu ikaanza kuhama kipande baada ya kipande, huku uso wake ukimwangalia bibi harusi na kutabasamu. Pochi ile ni ya ngozi, nilimnunulia mimi, kwa hela ya maana. Mpaka leo ukiifungua inanukia bizari.