Mpira Hukata Kulia

Aibu ya gofu haina pa kujificha. Mtu kavaa glavu moja mkono wa kushoto, kofia imekaa sawa, kalitazama shimo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kazungusha fimbo kwa nguvu zote alizojaliwa. Na mpira, ulioanza safari kwa adabu kuelekea kwenye bendera, unakata kulia na kutokomea kwenye mahindi ya watu. Waliosimama nyuma wanakagua viatu vyao. Mmoja anasema "pole" kwa sauti ya msibani. Hoja yangu ni kwamba fedheha hii, ambayo wapigaji wengi wa mkono wa kulia wanaijua vizuri, isiachiwe mwalimu wa gofu peke yake. Ni suala la ramani. Anayepanga uwanja wa mazoezi ya mipira mirefu pembeni ya shimo la gofu, yaani njia nzima ya mchezo mpaka kwenye bendera, sharti aanze na swali moja la kijinga: kulia kuna nani?

Mpira wenyewe hauna kosa. Kanuni zinataka usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, ni kidude kidogo, kigumu, chenye vishimo mia tatu na zaidi. Mtu angedhani mpira laini ndio ungepaa vizuri. Kumbe usio na vishimo huishia karibu nusu ya njia, kwa sababu vishimo huvuruga ule utando mwembamba wa hewa unaougusa mpira, utando ukang'ang'ania mpaka nyuma, na mkia wa hewa unaoukokota ukapungua. Halafu ndipo unakuja mzunguko. Fimbo ikigonga huku uso wake umefunguka kulia kuliko njia inakopita, mpira huondoka ukizunguka kwa mhimili ulioinama. Upande mmoja hewa inakwenda mbio, upande mwingine inacheleweshwa, na mpira unasukumwa kando. Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alilichunguza jambo hili katikati ya karne ya 19, akiwa na risasi na makombora akilini, wala si gofu. La kuudhi zaidi ni kwamba anayejitibu kwa kupeleka fimbo kushoto, uso wake ukibaki ulivyo, huuongeza mzunguko uleule. Kadiri anavyoukimbia ugonjwa ndivyo anavyoulisha.

Sasa tupige hesabu. Mpira uliopotoka nyuzi 15 katika mita 200 unatua mita 50 na ushei nje ya mstari. Tuseme shimo linachezwa kuelekea kaskazini. Uwanja wa mazoezi ukiwekwa magharibi yake, yaani kushoto, kila mpira unaokata kutoka huko unaangukia vichwa vya watu wanaotembea shimoni. Na ikumbukwe kwamba mchezaji wa shimo hupiga mpira mmoja kisha akaufuata kwa miguu, lakini wa mazoezi ana ndoo nzima ya mipira na hasira ya kuimaliza. Kwa hiyo uwanja wa mazoezi uwekwe mashariki, kulia kwa shimo, wapigaji wote wakielekea upande mmoja. Mipira ya mazoezi itakimbilia mbali na shimo, na ya shimoni itaanguka penye nyasi tupu pasipo na mtu. Mwenye mpira atalalamika, maana vigingi vyeupe vitamhesabia kuwa ametoka nje ya mipaka: pigo la adhabu, na arudi alikopigia. Alalamike tu. Nundu kichwani haina kigingi.

Wapo watakaosema bora pande hizo mbili zitazamane: uwanja wa mazoezi uwe kushoto na wapigaji waelekee kusini, mipira inayokata iachane, huku ikienda mashariki na kule magharibi. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini hapo jukwaa la mazoezi linakuwa jirani na bendera, na mchezaji mzuri, ambaye kosa lake la kawaida ni kuvuta kushoto, anawafyatulia watu walioinamia mipira yao. Wengine watasema kwa nchi ya juu kama Hanang, Tanzania, hofu hii imetiwa chumvi, kwani hewa nyepesi haina nguvu ya kuupinda mpira. Ni kweli, unapinda kidogo zaidi. Ila kwenye mita 1,600 mpira huohuo unakwenda mbali zaidi kwa takriban asilimia sita, na ulioondoka tayari ukielekea pabaya haukuhitaji hewa kuupoteza. Mwisho kuna watu wa wavu. Mpira wa fimbo kubwa hupanda mita 25 au zaidi. Nguzo za kuuzuia, kwenye upepo wa uwanda wa ngano wa Hanang, ni mradi mkubwa kuliko gofu yenyewe.

Masakta, kata ya huko Hanang, haina uwanja wa gofu. Anayetaka kucheza anakwenda Arusha, Gymkhana ya mjini au Kili Golf upande wa Usa River. Ndiyo maana ni vizuri kusema mapema. Uwanja wa mazoezi wa mita 300 kwa 150 ni hekta nne na nusu, na mchoraji atasema kulia kwake "hakuna kitu". Hanang inaijua vizuri kauli hiyo. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yaliyosaidiwa na Kanada, yalilimwa juu ya malisho ya wafugaji Wabarabaig yaliyoonekana matupu kwa aliyekuja wakati mifugo iko kwingine. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani dhidi ya NAFCO miaka ya 1980, kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa Mahakama ya Rufani. Hapa utani unanikauka. Klabu ya gofu nayo huwapimia wanachama wake mita za usalama, na jirani akapewa kibao cha kumwonya achunge kichwa chake. Royal Nairobi, klabu ya gofu ya tangu 1906, inapakana na Kibera. Kwa mahali kama hapo "nje ya mipaka" ni nyumbani kwa mtu. Njia ya ng'ombe ichorwe kwanza, na mita 60 za kulia zilipiwe na anayekata mpira, si anayepita.

Mengine ni madogo. Wasipige kuelekea magharibi, jua la jioni litawapofusha. Mipira ya mazoezi itiwe mstari, isije ikauzwa tena kwa walioipoteza. Wenye mkono wa kushoto, ambao wao hukata kushoto, wapewe nafasi ya mwisho kabisa kulia ili mipira yao ivuke uwanja bila kutoka. Watasimama wakitazamana na safu nzima ya wenzao, pigo baada ya pigo, na hakuna namna ya kuwasaidia.