Bundi wa Makerere na Hesabu ya Aibu

Bodaboda za Kampala waliziendesha ngedere, na steji ya Wandegeya ilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: pikipiki isipande njia ya waendao kwa miguu. Aliyeikiuka hakupigwa wala kushtakiwa. Chemani wa steji, Mzee Kobe, alimtazama tu. Na siku mkiukaji huyo alipofiwa, aliona waliokuja kuzika ni wachache.

Baraza la mji halikuipenda sheria isiyo na risiti. Likamwita Profesa Bundi kutoka chuo kikuu cha kilimani Makerere. Bundi akachora ubaoni hesabu ya Mmarekani Gary Becker ya mwaka 1968: mnyama huvunja sheria pale faida inapozidi faini mara uwezekano wa kukamatwa.

"Na aibu umeiweka wapi, Profesa?" akauliza Kobe.

"Haipimiki, Mzee. Tumeipa sifuri."

Kaloli, wale korongo wenye upara wanaoshinda jalalani, wakapewa vitabu vya risiti. Faini: shilingi 20,000. Wiki ya kwanza ngedere waliogopa, ya pili wakapiga hesabu, ya tatu wakajaa juu ya njia ya miguu, maana waliokuwa wakiona haya sasa walikuwa wateja waliolipia. (Kule Haifa, Israel, vituo vya kulelea watoto viliwatoza faini wazazi waliochelewa kuwachukua wana wao, na wachelewaji wakakaribia kuongezeka maradufu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2000. Bundi alikuwa nao, ila kwenye kabati la idara nyingine.)

Baraza likapandisha faini hadi 200,000. Waliofurahi zaidi ni kaloli: 20,000 ya chini ya bawa iliwafaa wao na ngedere, na uwezekano wa kukamatwa ukaporomoka.

Asubuhi moja Bundi, amechelewa mhadhara, alikwama kwenye foleni ya magari. "Tupite juu, ssebo?" akauliza ngedere. Bundi akamtazama kaloli wa kona ile, akahesabu, akaitikia. Becker mwenyewe alisimulia kwamba wazo la hesabu hiyo lilimjia alipokuwa akichelewa kumtahini mwanafunzi Chuo Kikuu cha Columbia, akaamua kuegesha gari pasiporuhusiwa.

Mwishowe Baraza likaifuta faini. Ngedere wakaendelea kupita palepale, sasa bure.

Bundi akaliandikia Baraza kwamba hesabu ilikuwa sahihi, ila ilipungukiwa herufi moja. Baraza likaidhinisha fedha za kupima aibu ya Wandegeya nzima, na kaloli wakateuliwa kukusanya takwimu, kwa posho ya 20,000 kwa siku.