Subaru Yenye Matege

Gari langu limepita katikati ya Lagangabilili likivutwa na maksai wanne, na naandika haya kabla vumbi la kwato zao halijafutwa kwenye kioo cha mbele. Ilikuwa siku ya gulio, saa nne asubuhi, muda ambao wilaya nzima ya Itilima huwa imekubaliana kukutana sehemu moja. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika usukani. Mwenye maksai ndivyo alivyotaka: lazima awemo mtu wa kukata kona na kukanyaga breki, ng'ombe wake wasije wakagongwa kwa nyuma. Kona hazikuwepo. Breki nazo hazikupata kazi, kwa sababu mwendo wetu ulikuwa wa mnyama anayewaza mambo yake.

Tulipofika kijiwe cha bodaboda, kijana mmoja akaiacha pikipiki yake, akaja kutembea sambamba na dirisha langu, mikono nyuma.

"Kaka, samahani. Hii si ndiyo ile yenye tabo?"

"Ndiyo."

"Na hapa imeshafunguka, au bado?"

Mama lishe akatoka na mwiko mkononi, akataka kujua maksai wanatumia lita ngapi kutoka Bariadi. Waliokuwa wanachagua dagaa wakaacha dagaa. Nje ya mashine ya kusaga alikuwa ameketi mzee mmoja, nami kwa kuwa nililelewa, nikashusha kioo na kumwamkia: "Mwangaluka, baba." Akaitikia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, akapata majibu yote kwa ukamilifu kwa sababu bado hatujampita, kisha akanitakia safari njema. Huyo ndiye aliyeniumiza kuliko wote. Hakuwa na dhihaka hata chembe.

Kilichotufikisha hapo ni bolti moja. Nilikuwa natoka Bariadi, vioo viko chini, mziki uko juu, mara nikasikia "tak!" upande wa kulia mbele, na usukani ukaamua kwenda shambani. Nikasimama kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, pamba pande zote mbili. Nikashuka kutazama. Tairi lilikuwa limeingiza kichwa ndani ya fenda na kutoa miguu nje.

Mzee wa maksai alikuwa anarudi na tela tupu baada ya kupeleka pamba. Akasimamisha wanyama, akazunguka gari lote bila haraka, akachuchumaa mbele ya tairi lile, akaliangalia kwa muda mrefu.

"Mwanangu, gari lako lina matege."

"Si matege, mzee. Ni kemba."

"Limezaliwa nayo au limeyapata ukubwani?"

Nikamweleza kwamba nimelipa ili yawe hivyo, ila si kwa kiasi hiki. Akanyamaza. Nadhani alikuwa ananihurumia. Kisha akatoa kipande cha nondo kwenye tela, akakichomeka kwenye tundu la bolti iliyokatika, akakipiga jiwe mara kadhaa, gurudumu likasimama kwa namna fulani. Akafunga mnyororo wa plau kwenye pete ya kuvutia. Ndipo tukaja kwenye bei. Alitaja nauli ya tela moja la pamba, nikakubali, akaongeza kidogo. Nikauliza nyongeza ni ya nini. Akasema ng'ombe wake hawajazoea kuonekana mjini na kitu cha namna hii.

Mtu akisikia bolti imekatika anadhani ni bolti tu, kwa hiyo itabidi nieleze. Mguu wa mbele wa Subaru Impreza kama hii yangu ni shokapu ndefu iliyovaa springi. Juu imefungwa kwenye bodi. Chini ina masikio mawili ya chuma, na katikati ya masikio hayo huingia kile chuma kinachobeba habu ya gurudumu. Bolti mbili hupita hapo na kuvishika pamoja. Ya chini ni bawaba, haina maneno. Ya juu ndiyo yenye akili. Shingo yake haikuchongwa duara la kawaida; imenenepa upande mmoja, na kichwani ina alama. Ukiizungusha, ule unene unakisukuma chuma cha habu kwenda ndani au nje, kinageuka juu ya bawaba ya chini, na gurudumu zima linainamisha kichwa au linakiinua. Bolti moja, kazi mbili: inashika na inapima. Kuna watu hutazama machweo ya jua wakasisimka. Mimi ninayo bolti hiyo.

Kwa nini mtu alaze tairi makusudi? Kwa sababu gari likikata kona kwa kasi, bodi hulalia upande wa nje, na tairi la nje hulalia nalo, likabaki linakanyaga kwa ukingo. Ukilianzisha likiwa limelala kidogo kwa ndani, yaani kemba hasi, basi ndani ya kona linajikuta limesimama wima na kuikamata barabara kwa upana wake wote. Ndiyo maana magari ya mashindano ya lami, yakiwa yamesimama tu, yametanua miguu. Bei ya utamu huo ni kwamba barabara ikinyooka, tairi lilelile linatembelea ukingo wa ndani na kulika upande mmoja.

Na hapa nyumbani ndipo hesabu inapokataa. Huku kwetu ni tambarare. Aliyechora barabara nyingi za huku aliweka rula kutoka mbuyu hadi mbuyu. Kona tunazozijua ni za kukwepa mbuzi, na hizo hazitabiriki kiasi cha kuzifungia bolti maalumu.

Lakini aliyeniuzia vifaa vya kulaza tairi, kule mjini Mwanza, alinitumia picha kwenye simu. Gari la rali, rangi ya buluu, tairi zimelala vizuri, lami inang'aa. Chini ameandika "Safari Rally". Safari Rally gani ya lami? Dereva Colin McRae alipoishinda Safari ya Kenya mwaka 1997 na Impreza, gari lile lilikuwa limeinuliwa juu na kuandaliwa kwa mawe na mashimo, na magari ya vumbi kwa kawaida hayalazwi tairi kama ya lami, kwa sababu kazi yao kubwa ni kupita juu ya vitu bila kuvunjika. Kwa kweli somo zuri zaidi la Safari ni la mwaka 1993. Subaru walipeleka kigari kiitwacho Vivio, injini ya sentimita za ujazo 660, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Patrick Njiru wa Kenya alikifikisha mwisho na kushinda daraja lake. McRae, mwaka huohuo na kigari cha aina hiyohiyo, hakumaliza. Hilo muuzaji hakuliwekea picha.

Vilikuwepo vitu vingi vya kuchagua, na nilivichagua kwa umakini ambao sikuutumia hata nilipotafuta mchumba. Zipo sahani za kufunga juu ya shokapu, za kuteleza kulia na kushoto: nzuri sana, ila nyingi hutumia beringi ya chuma tupu badala ya mpira, na vumbi la Itilima linaimaliza beringi hiyo kabla ya mavuno. Ipo mikono ya nyuma ya kurefusha na kufupisha, kwa sababu Impreza za kabla ya 2008 hazikutoka kiwandani na namna ya kurekebisha kemba ya nyuma. Nyuma unageuza mwelekeo wa tairi tu. Zipo bushi ngumu za polyurethane badala ya raba: usukani unakuwa makini, na uti wa mgongo wako pia unapata taarifa za kila kokoto. Majina makubwa ya biashara hii ni Whiteline wa Australia na Cusco wa Japani. Boksi langu lilikuwa na jina moja kati ya hayo, limeandikwa kwa herufi iliyopungua.

Nikachagua bolti, kwa sababu ni ndogo na ni rahisi na mtu wa basi anaweza kuzibeba mfukoni. Muuzaji akasema chukua seti mbili, za juu na za chini, digrii ziongezeke. Hakusema kwamba gari hili tayari lina bolti ya namna hiyo pale juu, tena nene, imewekwa na kiwanda chenyewe. Na hakusema kwamba bolti ya kubandika baadaye lazima iwe nyembamba kuliko ya asili ili huo unene wa upande mmoja upate nafasi ya kuzunguka kwenye tundu lilelile. Kwa hiyo tulichomoa chuma kinene cha Japani tukaweka chuma chembamba cha asiyejulikana. Alijua. Mtu anayeuza vitu hivyo kila siku anajua. Tena bolti za namna hii hazibebi gari kwa unene wake. Zinabeba kwa kubana, na kubana kunataka spana ya kipimo. Kwenye gereji iliyozifunga, kipimo kilikuwa bomba la maji lililochomekwa kwenye mpini wa spana na kijana wa kilo tisini aliyeambiwa avute mpaka asikie raha.

Kisha nikalipeleka kwenye mashine ya waili alaimenti, mbali, kwenye mji wenye taa za barabarani. Hapa sicheki tena. Nililipia magurudumu manne. Wakanipa karatasi nzuri ya rangi: namba nyekundu kabla, namba za kijani baada. Nimeisoma karatasi hiyo zaidi ya vitabu vyangu vyote. Kemba ya nyuma imetoka nyekundu ikawa kijani. Kemba ya nyuma! Ile ambayo kwenye gari hili haina pa kugeuzia. Hakuna mtu aliyeingia chini kule nyuma; nilikuwa nimesimama palepale nakula mahindi. Kilichobadilika ni orodha ya magari kwenye kompyuta: aliyeshika mashine alichagua gari jingine ambalo namba hizo zinalifaa, zikageuka kijani zenyewe. Walichogusa ni tairodi mbili za mbele, kazi ya robo saa, nikalipishwa ya magurudumu manne. Na si mimi tu. Mwalimu anayelipia daladala yake, padri na gari la parokia, mfanyabiashara wa choroko na kirikuu chake, wote wanatoka huku wanafuata mashine hiyo, wanalipa, wanapewa karatasi ya kijani, wanarudi na tairi zinazolika. Huu mkoa wetu wa Simiyu ndio unaoongoza kwa pamba nchini, na mtu akitaka kujua kama magurudumu yake yamenyooka lazima asafiri kwenda kununua rangi.

Jirani yangu ni fundi mwashi. Jioni ile ya maksai alikuja kutoa pole, akaona karatasi, akaniuliza hivyo vyote vinapima nini. Nikamwambia vinapima kama gurudumu limesimama wima. Akaenda kuleta timazi.

Na hebu niseme jambo hili polepole, kwa sababu limenibadilishia jioni. Unaweka gari mahali palipo sawa kwa pima maji, unaninginiza timazi mbele ya gurudumu, unapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa juu wa rimu, halafu hadi ukingo wa chini. Kwa rimu ya inchi 16, kila digrii moja ya kulala ni tofauti ya milimita 7 na ushei. Hakuna kompyuta humo, wala orodha ya magari. Mwelekeo wa tairi nao unapimwa kwa uzi wa mwashi uliovutwa pembeni mwa gari, sambamba, kutoka mbele hadi nyuma: unalinganisha ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Timu za mashindano zinatumia nyuzi hadi leo. Gurudumu la kushoto, ambalo halikukatika chochote, lilitoa milimita 19. Fundi mwashi akatikisa kichwa, akasema ukuta wa namna hiyo yeye angeubomoa bila kuambiwa.

Mengine yaliyofuata ni madogo. Basi lililobeba bolti mpya lilipita Lamadi likazishusha Bunda. Bolti zenyewe zilipofika zilikuwa za Forester ya mwaka mwingine. Mbwa wa jirani alikula raba ya bushi moja, na yuko salama.

Kwa wenye Impreza ndani ya Simiyu, ushauri wangu ni bushi mpya za raba, boljointi mpya, tairodi mpya, na bolti ya kiwandani ibaki ilipo. Nami nina ombi. Mwenye spana ya kukazia kwa kipimo, ile yenye namba kwenye shingo, popote kati ya Maswa na Lamadi, naomba aniazime kwa siku moja. Nitaifuata mwenyewe kwa bodaboda na kuirudisha ikiwa imepanguswa. Na mwenye bolti asilia ya juu ya upande wa kulia, hata ya mtumba, asiitupe. Bei tutaelewana.