Fes na Mimi: Mhadhara wa Bingwa

Mji wa Fes, nchini Moroko, ulianzishwa na Idris wa Kwanza mwaka 789. Nitarudi hapo. Kwanza niwaondoe wasiwasi kuhusu sifa zangu, maana huko nje nimesikia watu wakiulizana kama wikiendi moja, hata iwe ndefu, inatosha kumfanya mtu bingwa wa mji. Wanaouliza hivyo hawajawahi kuniona nikiwa likizoni.

Niliingia Ijumaa mchana. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, vichochoro vimetulia, wazee wamevaa jelaba safi. Nilishukuru, mji wenye adabu hupokea mgeni namna hiyo. Kijana wa mapokezi alipoanza kunieleza kwamba kila Ijumaa ni hivyo hivyo, nilimkatiza kwa upole. Sipendi kusifiwa nikiwa na mabegi mkononi.

Jioni ile nikasimama mbele ya Bab Boujloud, lango lenye vigae vya buluu kwa nje na kijani kwa ndani. Machozi yalinitoka. Niliziona karne kumi na mbili zikipita chini ya upinde ule: masultani, wanazuoni, misafara ya chumvi kutoka jangwani. Muuza karanga mmoja akaniambia lango lile lilijengwa mwaka 1913, Wafaransa wakiwa wameshauchukua mji. Nilimsamehe. Vijana wa siku hizi hawaijali historia.

Ndani ya mji mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, magari hayapiti. Mizigo hubebwa na punda na nyumbu, na wenye nyumbu walinitambua papo hapo. Kila mmoja alinipigia kelele tangu mbali. Nami, mtu wa watu, niliwapungia mkono na kubaki katikati ya njia ili wote wanione. Nyumbu mmoja mwenye mitungi ya gesi alinikaribia kuliko wenzake. Bega hili la kushoto bado lina kumbukumbu zake.

Mmesikia pia kwamba watu hupotea Fes. Ni kweli, watu wa kawaida. Mimi nilikuwa nafanya utafiti wa vichochoro, utafiti uliokula jioni nzima na kunipitisha mbele ya muuza zeituni yule yule mpaka akanivutia kigoda. Hatimaye nilimwajiri mtafiti msaidizi, mtoto wa darasa la tatu hivi, akanirudisha hotelini kwa dirhamu ishirini. Mlango ulikuwa upande wa pili wa ukuta niliokuwa nimeuegemea. Mkataba wetu haukuruhusu kurudishiwa fedha.

Elimu nayo sikuiacha. Nimepita Chuo cha Qarawiyyin. Asiye Mwislamu haingii kwenye msikiti wa chuo hicho, kwa hiyo mimi nilisoma kutoka mlangoni, nikiuchungulia ua na chemchemi yake, hadi waliokuwa wakienda kuswali waliponiomba niwapishe. Mwanzilishi alikuwa bwana mmoja mwenye maono ya mbali, ambaye... naam? Mama watoto hapo mbele ananikumbusha kwamba, kwa mapokeo, aliyekianzisha ni Fatima al-Fihri, mwaka 859, binti wa familia iliyohamia kutoka Qayrawan. Asante sana, mama. Ndipo nilipokuwa naelekea. Yule bwana alikuwa baba yake.

Sasa ngozi. Pale Chouara, wanakotengenezea ngozi, kwenye yale mabirika ya mawe yenye rangi za kila namna, nilikabidhiwa kijitawi cha nanaa mlangoni. Niliguswa, nikakitafuna chote, na majani yake. Ndipo nikawaona wageni wengine wamekibana chao puani, ushamba ulioje! Ngozi pale hulainishwa kwa chokaa na kinyesi cha njiwa, kama ilivyofanywa tangu zama za kale, na mkoba huu ninaowainulia ni ushahidi wa kitaalamu. Naona safu ya mbele imehamia nyuma. Sawa tu. Kazi kubwa hutazamwa kwa mbali. Mama watoto mwenyewe ameamua iwe inatazamwa uani.

Mzee wa Mombasa ameinua mkono. Subiri, mzee wangu, swali lako nalijua, na jibu lake ni Ibn Battuta! Aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akazunguka dunia, na hakufika Fes mpaka mwaka 1349. Kwa amri ya Sultani Abu Inan alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy yote aliyoyaona, na kitabu kikakamilika mwaka 1355. (Madrasa ya sultani huyo, Bou Inania, naijua vizuri. Niliketi uani pake nikaagiza chai, na mpaka leo haijaletwa.) Humo kitabuni, mzee, mji wako umeelezwa wote: ndizi zake, samaki wake, misikiti yake ya mbao, watu wake wanaotembea pekupeku. Na unajua alikaa kwenu muda gani, mwaka ule wa 1331? Alilala usiku mmoja! Kesho yake huyo, safari ya Kilwa. Wasomi wanamnukuu hadi leo, nanyi watu wa Mombasa sijasikia mkilalamika. Mimi Fes nililala zaidi ya hapo, tena kwenye hoteli yenye kifungua kinywa. Sasa pigeni hesabu wenyewe nani zaidi.

Mzee ameshusha mkono, anafunga kamba za viatu. Nachukulia ameridhika.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo Idris wa Kwanza atatuwia radhi. Mnaokimbilia mlangoni, chukueni ratiba: Jumamosi ijayo, ukumbi huu huu, natoa mhadhara juu ya Misri, kuanzia mafarao hadi leo. Wakati wa kurudi ndege yetu ilisimama Cairo, na nilikuwa na kiti cha dirishani.