Miaka Mitano kwa Dogo wa Mabao Mawili: Hatari Saba, Kuanzia Ndogo Hadi Kubwa

Mchezaji wa magongo pale City Park, Parklands, hana shida hii. Akivua jezi Jumapili jioni, Jumatatu yuko kazini kama ni wa timu ya polisi, au darasani kama ni wa Strathmore. Hakuna aliyemwekea mezani mkataba wa miaka mitano, basi hakuna wa kumliza. Shida iko kwa mwenzake wa soka: kijana wa miaka 19 aliyefunga mawili uwanjani Kihumbuini, Kangemi, na wiki mbili baadaye yuko mkahawani katikati ya jiji, soda ya bure mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Tuhesabu kurudi nyuma.

7. Mabao mawili ni mabao mawili

Beki aliyemkaba siku hiyo alikuwa ametoka zamu ya usiku. Nasema tu. Chelsea walikuwa wameona zaidi ya hayo kwa Mykhailo Mudryk walipompa miaka minane na nusu, Januari 2023. Desemba 2024 ikatangazwa kwamba kipimo chake cha dawa zilizopigwa marufuku kimeleta maneno. Mkataba ulioandikwa ni wa hadi 2031. Mashabiki wa Chelsea wa Kawangware, poleni. Najua mko wengi, kelele zenu huwa zinafika hadi Lavington.

6. Goti halikuwepo wakati wa kusaini

Mwaka 2006 New York Islanders, timu ya hoki ya barafu, ilimpa kipa Rick DiPietro mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 67.5. Alikuwa kijana, chaguo la kwanza kabisa ligi ilipogawa vijana mwaka 2000, na klabu ilikuwa na hakika. Mwili haukuwa na hakika. Majeraha yakafuatana, na mwaka 2013 klabu ikaona heri imlipe aondoke: dola milioni 1.5 kila mwaka hadi 2029. Mwaka huo huo ligi iliweka kikomo cha miaka minane, maana matajiri walikuwa wameshindwa kujizuia wenyewe.

Sasa sikiliza tofauti. Huko goti likivunjika, anayelia ni mhasibu wa klabu. Hapa Nairobi anayelia ni mama wa kijana, na ndiye anayelipa nauli ya kwenda hospitali pia. 

5. Umri

Kanuni za FIFA za usajili zinasema mkataba usizidi miaka mitano, ila pale sheria za nchi zinaporuhusu zaidi, kama kwa Mudryk, na kwa mchezaji wa chini ya miaka 18 usizidi mitatu. Ni kifungu cha 18, wamekirahisisha kukumbuka. Ndiyo maana tuna vijana ambao wamefikisha 18 mara mbili: mara moja kwenye mkataba, mara moja kweli.

4. Mfadhili ana mkataba wake, na ni mfupi kuliko wako

Mwaka 2019 kampuni ya kubashiri ya SportPesa ilijiondoa kwenye udhamini wa michezo nchini baada ya kuvutana na serikali, na Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki na jezi bila pesa. Mikataba ya wachezaji haikusikia habari hiyo. Iliendelea kusema mshahara ni kiasi kadhaa kila mwisho wa mwezi. Kocha Mnyarwanda wa Leopards, André Casa Mbungo, aliondoka mwishoni mwa mwaka huo huo akidai mishahara yake, na deni lake likafika FIFA.

Kwa hiyo dogo, ukionyeshwa mkataba wa miaka mitano, uliza kwa heshima: na yule aliye kifuani mwa jezi, amesaini miaka mingapi?

3. Kocha anayekupenda

Klabu ya Wazito ilipanda Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2019, tajiri wake Ricardo Badoer akiwa na ndoto kubwa. Makocha walipishana mlangoni, Stewart Hall na Francis Kimanzi wakiwemo, na mwaka 2023 timu ikashuka daraja. Kocha mpya huja na winga wake. Wewe unabaki na mkataba, na jezi ya mazoezi.

2. "Klabu ina hiari ya kuongeza mwaka mmoja"

Mstari huu hukaa ukurasa wa nne au wa tano, kwa sababu kijana huacha kusoma ukurasa wa pili, pale penye mshahara. Usome polepole. Klabu ina hiari. Mchezaji ana nini? Mchezaji ana kalamu. Akicheza vizuri, miaka mitatu inakuwa minne kwa mshahara uleule wa siku alipokuwa hajulikani. Akicheza vibaya, hiari inalala. Chini yake kuna kingine: akitaka kuondoka mapema, atalipa fidia ambayo kwa shilingi inaweza kununua kiwanja Kikuyu. Klabu ikimwacha mapema, maneno ni laini zaidi: "pande zote zitakubaliana."

Tusizionee klabu. Francis Kahata alipomaliza mkataba wake Gor mwaka 2019 alienda Simba ya Dar es Salaam, na Gor ikabaki kupunga mkono. Klabu inayolea kipaji kisha ikiona kinaondoka bure ina haki ya kuogopa. Ila dawa ya hofu hiyo ni kumpandishia mshahara mapema, na dawa hiyo inauma mfukoni, basi wanaandika ukurasa wa tano.

1. Mshahara usiokuja, na mlango usio wako

Kanuni zile zile za FIFA, kifungu cha 14bis, zinampa nafuu mchezaji: usipolipwa miezi miwili, iandikie klabu, ipe angalau siku 15, na isipolipa unaweza kuvunja mkataba kwa haki. Vizuri sana. Lakini FIFA yenyewe husikiliza kesi zenye sura ya kimataifa. Ndiyo maana mmoja wa waliosababisha Gor ifungiwe dirisha la usajili alikuwa Mtanzania, Dickson Ambundo, aliyekuwa akiidai. Mwaka 2023 Gor walikuwa mabingwa wa Kenya na bado wakakosa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha.

Kijana wa Kangemi aliyesaini na klabu ya Nairobi hana mlango wa FIFA. Ana shirikisho la soka, na ana Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Huko ataulizwa swali dogo: ulilipwa lini mara ya mwisho, na kiasi gani? Hana hati ya mshahara. Pesa zilikuja kwa M-Pesa kutoka simu ya meneja wa timu, elfu nane leo, elfu tano wiki mbili baadaye, nyingine zikiitwa nauli, nyingine haziitwi chochote. Miaka mitano ya namna hiyo ni jumbe nyingi.

Usizifute. Simu ikijaa, anza na zile picha ulizopiga ukiwa umeshika jezi mpya.