Mchoraji wa Benchi la Kusubiri

Mke yuko chumba cha upasuaji. Mume yuko benchi la nje, kidole kwenye simu, anachora mwembe. Mama mkwe, tasbihi mkononi, anamtupia jicho.

"Baba, ni mambo ya kazini hayo?"

"Hapana, mama. Nachora."

Kimya kilichofuata nacho kilihitaji daktari.

Angeweza kujitetea kwa mfano wa mchoraji Jorge Colombo, ambaye mwaka 2009 alisimama mtaani New York kama saa nzima akichora kwa kidole kwenye iPhone, kwa programu ya Brushes. Mchoro ukawa jalada la jarida la The New Yorker la Juni 1. Mchoraji David Hockney naye alichora maua simuni akiwa bado kitandani, akawatumia marafiki asubuhi. Wote wawili wakasifiwa. Lakini hawakuwa wamekaa na wakwe.

Uzuri wa programu za kuchorea ni kitufe cha kurudi nyuma. Tawi limefutwa, limerudishwa, limefutwa tena. Ndani kule, mwenye kisu hana kitufe hicho. Labda ndiyo maana mume hainui macho.

Nesi anaita ndugu wa mgonjwa. Wanainuka sita. Mchoraji anafuata nyuma: alikuwa anahifadhi.